Raba za Marehemu

Kama hujavaa jaketi la baridi Mtopanga wakati wa kaskazi, saa nane mchana, usiniambie unaujua ujinga. Sisi tuliujua. Mwanzo wa miaka ya tisini vijana wa Kisauni tulikuwa tukitembea tumevimba, suruali zimeshuka chini ya kiuno, chepeo zimegeuzwa nyuma, jasho latuchuruzika mpaka ndani ya soksi, na bado tumekunja nyuso ati ndio ukali. Yote hayo tuliyatoa kwenye vidio. Kulikuwa na nyumba moja nyuma ya msikiti yenye televisheni, na mabaharia waliporudi safari walileta kanda za Wamarekani weusi wakirapu. Tulizitazama mpaka picha zikaingia michirizi. Maneno hatukuyaelewa hata nusu. Nguo tulizielewa vizuri sana.

Ilibidi tuzitengeneze wenyewe. Fundi wetu wa cherehani alikuwa mzee wa kanzu, hajawahi kushona kitu kingine. Nilipompelekea kitambaa cha kaki nikamwambia anishonee suruali ya kiuno cha watu wawili, alivua miwani akaniuliza huyo mwenzangu wa kuingia naye ni nani. Nikamwambia naivaa peke yangu. Aliishona, lakini jioni ile ile alimwambia mama kwamba mwanawe ameanza kuharibikiwa. Mikufu ya dhahabu tulifanya kwa minyororo ya baiskeli iliyopakwa rangi. Ukicheza sana rangi yatoka na jasho, unarudi nyumbani shingo ya manjano, na mamako anadhani umepata homa.

Mimi nguo sikuwa nazo. Nilikuwa na mdomo. Nyumbani kwetu mama na shangazi zangu walikuwa wakiogopwa kwa vijembe vya harusini, wakiweza kumrushia mtu beti mbili akatoka ukumbini analia na asijue kashikwa wapi. Mimi nilikua miguuni pao wakisuka ukili wa mikeka, nikayameza yote. Kwa hivyo rapu ilipokuja, ya kutusiana kwa vina mbele za watu, sikuona kitu kigeni. Niliona kazi ya mashangazi imevalishwa suruali.

Rafiki yangu alikuwa mtoto wa mwosha maiti. Nieleze kidogo, maana wapo wasiojua mtu huyo aliishi vipi. Siku ya msiba babake alikuwa bwana mkubwa. Anafuatwa kwa heshima, anaamkiwa shikamoo na kila mtu, anafunguliwa njia. Siku ya pili hakuna anayetaka kumpa mkono. Na mwanawe ndiyo usiseme. Chuoni, tulikosomea Kurani, hakuna aliyekunywa maji kwenye kikombe alichokunywa yeye. Akikupa kipande cha muhogo unakipokea, unageuka, unakitupa. Jina lake hakuna aliyelitumia. Aliitwa mtoto wa mwosha, mbele yake na nyuma yake, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwita hivyo, mpaka nilipogundua kwamba anarapu kuliko sisi sote. Basi nikawa rafiki yake. Nilitaka kujifunza kwake, nisijitie wema.

Aliwahi kuniambia anachokitaka, tumekaa nyuma ya nyumba yao. Alitaka siku moja, moja tu, asimame mbele za watu wamtazame, na lisimpitie mtu kichwani jambo la maiti. Hakutaka kingine. Mimi nilicheka, nikamwambia anaota.

Sasa, kwetu maiti akishaoshwa, nguo zake hupewa mwosha. Ni haki yake tangu enzi, wala hakuna aibu, ila hakuna anayelizungumza. Mzee yule alikuwa akizipokea kwa mikono miwili, anazifua, na nyingi anazigawa kwa mafukara. Mwaka ule aliitwa Likoni kwenda kumwosha baharia. Kijana yule alikuwa amerudi safari mgonjwa, hakumaliza wiki mbili. Mamake hakuweza kuutazama mfuko aliokuja nao kutoka melini. Hakuufungua. Alimkabidhi mwosha mfuko mzima mzima kama ulivyo. Rafiki yangu alikuwepo, alikuwa amemfuata babake kumsaidia kuteka maji. Walipoufungua Mtopanga walikuta vitu ambavyo sisi tuliviona kwenye vidio tu. Jaketi jekundu lililotuna kama godoro, na namba mgongoni. Raba nyeupe, za kupanda mpaka juu ya kifundo, ulimi mnene umetoka nje. Mzee alimruhusu mwanawe achague vitu viwili, vilivyobaki akavitoa sadaka.

Raba zile zilimkaa yeye sawasawa, nilimwona akizijaribu. Akazivua akanipa mimi. Alisema hatuwezi kutoka pamoja, yeye ameng'ara na mimi nimevaa malapa, jaketi linamtosha. Nikamuuliza kama hazinuki. Akasema zimefuliwa mara tatu. Akanishika mkono, akaniapisha nisimwambie mtu zilikotoka, si raba zangu wala jaketi lake, nami nikaapa wallahi wabillahi. Zilinibana vibaya, kidole gumba kimejikunja ndani kwa kukosa pa kwenda, lakini nani atazivua? Nilizipaka rangi nyeusi ya viatu, zote mbili, mpaka kwenye ulimi, ili jamaa wa marehemu akiziona asizijue. Yeye nilimshauri asiliguse jaketi. Nilimwambia jekundu ndilo linalompendeza.

Na lilimpendeza, nikiri. Wiki tatu Mtopanga ilimwona upya. Wasichana wa bombani walikuwa wakinyamaza akipita, kisha wanacheka lile cheko la kutaka usikie. Vijana waliokuwa wakitupa muhogo wake walimpigia salamu za viganja, pa, pa, pa, tena kwa kumfuata. Wakimuuliza jaketi alilitoa wapi anasema mjomba wake yuko Uarabuni, na mimi natingisha kichwa kama shahidi. Alikuwa akipita dukani mara nne kwa siku hana anachonunua. Siku moja nilimsikia muuza duka akimwita kwa jina lake. Alisimama kidogo kabla ya kuitika, kama hakuamini kwamba ni yeye.

Roho iliniuma. Nitasema hivyo hivyo, sina haja ya kulipamba. Nilimwonea kijicho kinachokosesha usingizi. Nilikuwa nimemzoea chini yangu, na pale chini ndipo nilipompenda.

Basi kukatangazwa mashindano Changamwe, Jumapili alasiri, katika ukumbi wa wafanyakazi. Mmoja kwa mmoja, mnateremshana jukwaani mpaka abaki mmoja, na zawadi ni redio ya kaseti mbili. Tulikwenda. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana wa bara, watoto wa watu wa reli na wa bandarini, na Sheng yao ya kukatakata. Walitucheka, wakasema Kiswahili chetu ni cha maulidi. Sisi tukawacheka wao, tukawaambia wao hawarapu, wanabweka. Mabati ya ukumbi yalikuwa yakichoma, na katika watu mia kadhaa ni mmoja tu aliyevaa jaketi la baridi. Kila mtu alimtazama. Alikuwa amelowa kama aliyetolewa majini na anachekacheka mwenyewe.

Tulikuwa hatujaitwa bado aliponivuta kando. Uso ulikuwa umembadilika. Alinionyesha mtu mlangoni, pande la mtu katika ovaroli la kazi, akaniambia yule ni ndugu wa marehemu. Anapakua mizigo Kipevu. Siku ya msiba alifika jioni, mfuko umeshatolewa, na alimpigia mamake kelele mbele ya matanga kwamba vitu vya nduguye vilikuwa vyake yeye. Rafiki yangu alitaka tuondoke. Alisema tupite mlango wa nyuma, mashindano yatakuwepo mengine.

Nikamzuia. Nikamwambia majaketi mekundu yamejaa duniani, yule hajamtambua, na akikimbia ndiyo atajitambulisha. Nilisema kwa upole, mkono begani. Nilichokuwa nikikifikiri ni hiki: raba zangu zimepakwa rangi, jaketi lake liko wazi, na mtu yule akianza kutazama, atatazama jaketi. Nilimtaka abaki awe mbele yangu.

Tukapanda jukwaani kila mtu kwa zamu yake. Mimi niliwateremsha watatu, na yeye watatu, na wake walikuwa wakali kuliko wangu. Alirapu siku ile, jamani. Alirapu kwa Kiswahili chetu, taratibu, neno moja moja limekaa mahali pake, na wale wale waliosema maulidi walikuwa wamesimama juu ya viti. Walikuwa wakimuuliza jina. Walilipiga jina lake kwa makofi, ukumbi mzima, na yeye amesimama pale na jaketi lake, machozi yamemlengalenga. Nilimtazama nikajua amekipata kile alichoniambia nyuma ya nyumba yao.

Mwisho tukabaki sisi wawili.

Nilianza mimi. Nilipokwenda katikati nikaona ndugu wa marehemu amesogea, yuko chini kabisa ya jukwaa, na hatazami jaketi. Anatazama miguu yangu. Nikainamisha macho. Kwa kucheza na jasho rangi ilikuwa imebanduka, na pua ya raba ya kulia ilikuwa imeanza kutoa weupe. Nikaiona picha yote: ninashikwa, ninavuliwa viatu mbele ya Changamwe nzima, ninarudi Mtopanga miguu mitupu, na kesho yake mimi ndiye ninayeitwa wa maiti. Mwenye kupiga muziki akaniashiria nianze. Nilikuwa na beti nilizozitunga, za kumtania kidogo kwa mwendo wake. Sikuzisema. Nilisema hizi, nimemwelekezea kidole:

"Jaketi hilo twambie, limetoka duka gani?
Mbona lanuka kafuri, na moshi wake ubani?
Babako huosha watu, nawe wavua mwilini,
Mwenyewe yu kaburini, nguo ziko jukwaani."

Shangazi zangu wangejivuna. Kwanza watu walicheka, cheko kubwa, kwa kuwa vina vilikaa. Kisha waliokuwa karibu wakaacha kucheka. Ndugu wa marehemu aliacha miguu yangu, akainua macho, akapanda.

Alimwambia neno moja: "Vua."

Rafiki yangu alimwambia, "Mamako alimpa baba kwa mkono wake." Alilisema polepole, kwa adabu, kama unavyomwambia mkubwa wako. Akazabwa kofi, tena akazabwa la pili, kisha jaketi likavuliwa kwa kuvutwa, mkono mmoja umegeuka nje. Mtu yule aligeuza ukosi, akakuta alama ndogo ya uzi ambayo nduguye aliishona, akaiinua watu waione. Kulikuwa na makelele sasa. Mmoja alipaza sauti kwamba waosha huwavua maiti usiku. Mwingine akaongeza yake, kwamba baharia alikufa kwa ule ugonjwa usiotajwa na kwamba nguo zinaambukiza, na hapo wale waliompa mkono walianza kujipangusa viganja kwenye suruali. Niliwaona. Alibaki na fulana iliyotoboka ubavuni, amejikumbatia, na katika joto lile alikuwa akitetemeka.

Ungedhani yataishia hapo. Lakini mwenye kupiga muziki alikuwa mpumbavu, au alikuwa mkatili kama mimi, akasema sheria ni sheria, kijana ana zamu ya kujibu. Akampa kipaza sauti. Watu wakanyoosha shingo, wanataka kuona aibu inavyosema.

Alikishika. Akanitazama usoni, kisha macho yake yakashuka polepole mpaka kwenye raba. Pua ya kulia ilikuwa nyeupe wazi. Ndugu wa marehemu alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, jaketi liko kwapani. Beti haikuhitajika. Neno moja lingetosha, hata kidole kingetosha. Mimi nilimtazama na nilikuwa nikimwomba kwa macho, mimi niliyetoka kumchinja. Mdomo wake ulifunguka. Kisha ukafungika. Akakirudisha kipaza sauti, akashuka ngazi za pembeni, na watu wakampisha njia pana, asiwaguse.

Nikapewa redio. Nilichechemea nikaipokea.

Yaliyofuata sikuyafanya mimi kwa mkono, lakini yalikuwa yangu. Habari ilivuka daraja na kivuko kwa siku moja. Mama wa baharia mwenyewe, Mungu amrehemu, alituma watu waseme kwamba mfuko alitoa yeye, kwa radhi yake, na kwamba mwosha yule hana kosa. Nani amsikilize mama wa watu kukiwa na neno tamu zaidi? Haikupita wiki, bwana mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwao akafariki. Mzee alioga, akavaa kanzu safi, akaketi kizingitini kungoja kuitwa. Tulipita mbele yake na jeneza. Walikuwa wamemleta mwosha kutoka mbali. Nilikuwa katika wachukuzi, na nilimwamkia kwa sababu njia ilipita mlangoni pake na kumpita kimya ingekuwa utovu wa adabu. Alinijibu marahaba, akaniombea heri.

Rafiki yangu hakurapu tena. Hakuonekana dukani wala bombani. Nilisikia amekwenda Mwakirunge, kwenye machimbo ya mawe, anavunja kokoto.

Nilimfuata baada ya mwezi. Wanaosoma hapa watadhani nilikwenda kuomba radhi, na mimi miaka mingi nimewaambia watu hivyo. Uongo. Nilikwenda kwa kuwa ndugu wa marehemu alikuwa amefika Mtopanga mara mbili kuulizia raba. Alijua mfukoni mlikuwa na raba. Nilikwenda kumwomba asinitaje.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia, nyundo mkononi, vumbi limempaka nyusi. Alinikaribisha. Alinisogezea jiwe la kukalia, akaniuliza hali ya nyumbani, mama hajambo, mashangazi hawajambo, moja moja, kama inavyopasa. Mimi nilikuwa na haraka. Nikamuuliza kama mtu yule amemfikia. Akasema amefika mpaka pale, jana. Nikamuuliza amemwambia nini. Akasema amemwambia raba zilitolewa sadaka na baba hakumbuki alimpa nani. Nilishusha pumzi. Kisha kitu kikanichokoza, nikamuuliza kwa nini siku ile pale juu hakusema.

Aligonga jiwe mara mbili tatu kabla ya kujibu.

"Nilitaka," akasema. "Nilishafungua mdomo. Halafu nikakumbuka kwamba nilikupa mwenyewe. Nitakusimbuliaje?"

Asiyekuwa wa kwetu huenda asilielewe neno lile. Kumsimbulia mtu ni kumtangazia kile ulichompa, kumrushia wema wako usoni, na kwetu hakuna uchafu kuupita huo. Mtu anaweza kukuibia akasamehewa. Akikusimbulia, watoto wenu hawaozani. Yeye alikuwa amezabwa makofi, amevuliwa nguo, babake ametukanwa, na aliyemtia hapo amesimama mbele yake na viatu vyake, naye akaona uchafu huo hawezi kuufanya. Mtoto wa mwosha.

Niseme niliona haya? Sikuona. Haya zilinijia nimeshaoa, nimeshazaa, na tangu hapo hazijaondoka. Siku ile nilifurahi. Wallahi nilifurahi moyoni, nikasimama, nikajipangusa vumbi, nikamwambia basi mimi naenda.

Akaniuliza kama raba zingali zinanibana. Nikasema zinanibana. Akaniambia niziloweke maji usiku kucha, kisha nizijaze magazeti mpaka ndani puani na nizianike kivulini, si juani, jua litaukausha mpira upasuke. Alinielekeza kwa mikono, jinsi ya kuyakunja magazeti.

Nikafanya kama alivyoniambia. Zilifunguka vizuri, nikazivaa mwaka mzima.